Uwanja Unaostahimili Nafasi

Jumatatu, 3 Machi

Vita imeanza. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya Chama cha Mbio za Magari, gundi bado mbichi. Mwaka ujao kalenda itakuwa na mashindano matano tu. Viwanja tuko sita. Kamati itakutana Jumamosi ya tarehe kumi na tano kuamua, nanukuu, "ni viwanja gani vinavyostahili nafasi kwenye kalenda." Mashabiki wanaombwa kuandika barua.

Vinavyostahili! Chama kizima, na mwenyekiti wake, na mihuri yake, hakuna hata mmoja anayejua kuandika. Nikatoa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia mitihani nikaongeza herufi mbili zilizosahaulika. Sasa linasomeka "vinavyostahimili", kama inavyotakiwa. Hilo fupi ni neno la vijiweni, watu wamelikata kwa uvivu. Nimetumia neno kamili maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kulalamika isipokuwa mke wangu, na yeye ni mtu wa namba.

Niandike hali ilivyo, ili vizazi vijavyo vielewe. Mimi ni katibu wa Uwanja wa Matofali. Unazunguka kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Kilomita mbili kasoro kidogo, kona saba, nyasi za kutosha. Kazini ni mwalimu katika chuo cha udereva. Watu wananiita Breki. Ni wivu tu. Sijawahi kuzidi kilomita arobaini kwa saa, na sijawahi kugonga hata ndoo.

Mke wangu ndiye mpima muda wetu. Wanamwita Mama Saa. Mwaka wa kumi na tisa huu, kila siku ya mashindano anapanda ngazi hadi kwenye kibanda cha saa, saa yake shingoni, daftari magotini. Sasa mwenye kiwanja ameshasema: tukitolewa kwenye kalenda, anabomoa kibanda na kuegesha matrela pale. Nilipompa mke wangu habari hiyo aliivua saa yake shingoni. Alichukua kitambaa akaanza kuifuta ile saa, na ilikuwa safi tayari.

Adui ninamjua. Ni shemeji, mdogo wake mke wangu, katibu wa Uwanja wa Machimbo, na mwenyewe hushindana. Mwaka jana walimwaga lami mpya, na tangu hapo watu wanamwita Lami. Anaitika! Tulikutana pale pale mlangoni. Akasema anaona viwanja vyote viwili vinastahili. Nikamsahihisha mbele ya watu watatu. Akanishukuru, kwa unafiki.

Jumatano, 5 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeomba ruhusa chuoni, nikasingizia jino, nikavaa kofia na miwani ya jua, nikaenda Machimbo kupeleleza. Nia: kuandika kasoro zao zote na kuzifikisha kwa kamati.

Saa nzima nimepata kasoro moja. Maegesho yana vumbi. Baadaye nikagundua ni vumbi la gari langu.

Nikaingia vyooni, nikiwa na hakika uozo uko huko. Vigae vyeupe. Sabuni. Kioo! Nani anaweka kioo kwenye uwanja wa mbio za magari? Nikajifungia, nikaandika kurasa mbili kwa hasira. Nilipotaka kutoka nikafungua komeo, mlango ukagoma. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikavuta kwa dakika ishirini, kisha nikaita msaada kwa sauti niliyoibadilisha, nzito, ya mtu wa mbali.

Kipaza sauti cha uwanja kikatangaza kwamba mgeni mwenye kofia aliyekwama chooni atulie, katibu anakuja. Mafundi wote walisikia. Shemeji akafika, akafungua kwa kidole kimoja.

"Shemeji," akasema, "huo ni wa kusukuma."

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinipa kiti na maji ya baridi, akaniuliza jino linaendeleaje. Sijui alijuaje habari za jino. Nimerudi nyumbani taratibu kuliko kawaida yangu, nikakubali moyoni kwamba vyoo vyao ni vizuri. Lakini vyoo havikimbii. Kwenye ripoti nimeandika kwamba milango ya Machimbo ni hatari kwa umma.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimesimama wima. Chama kinataka barua za mashabiki? Kitapata barua za mashabiki. Nimeandika arobaini.

Kwa nini arobaini? Ishirini ni ndugu wa mtu. Mia ni uongo. Arobaini ni wananchi.

Nimeandika kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto, na moja kwa kalamu niliyoishika kwa meno, ya mzee anayetetemeka. Kila barua ina mtu wake na kazi yake. Mchinjaji. Fundi cherehani. Mpiga picha. Mkunga, ambaye ananena hivi: "Miaka ishirini nimeona mengi yakizaliwa, lakini sijaona uwanja unaostahimili kalenda kama Matofali." Mchinjaji anakwenda moja kwa moja: "Nasema bila mafuta, Matofali wanastahimili." Nimejishangaa. Kumbe ndani yangu wamo watu wengi hivi!

Kilele ni mjane. "Marehemu mume wangu aliipenda Kona ya Tanuri kuliko alivyonipenda mimi, na sikumlaumu. Nikisikia injini zikipita pale, nahisi amerudi nyumbani. Kona ile peke yake inastahimili nafasi." Nililia. Chozi liliangukia karatasi, nikaliacha kama ushahidi.

Mke wangu aliingia kutafuta mkasi. Akatazama rundo, akauliza kwa nini mashabiki wote wanaandika kwa wino mwekundu. Nikamjibu kwamba nyekundu ni rangi ya mapenzi. Ukweli ni kwamba kalamu iliyokuwepo ni ile ile ya mitihani. Akataka kusema jambo kuhusu neno fulani, nikamwomba abaki na saa yake, maneno aniachie mimi. Akachukua mkasi akatoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu naye kaandika barua! Moja. Kwa jina lake halisi, na sahihi yake halisi. Amenikabidhi asubuhi nimfikishie ofisini pamoja na zangu, akasema aliifikiria wiki nzima.

Niliifungulia garini, kwa sababu za kiusalama. Masikini mke wangu. Ukurasa mmoja tu. Hakuna mjane. Hakuna chozi. Ni namba na mambo ambayo kila mtu anaweza kwenda kuyaona kwa macho yake. Na mwishoni, neno lile, limekatwa vile vile kihuni. Niliona haya kwa niaba yake. Barua kama hiyo ikikaa katikati ya zangu, itazivuta chini zote. Basi nimeiweka kwenye kidroo cha gari, chini ya kitambaa cha kufutia mafuta. Hapo haimdhuru mtu.

Zangu arobaini nilizitumbukiza kwenye sanduku la maoni pale ofisini. Zilijaa hadi mdomoni. Tisa za mwisho nilizisukuma kwa rula.

Wakati wa chakula mke wangu aliuliza kama nimefikisha. Nikasema barua zimefika. Wingi umeniokoa, maana hakuuliza ngapi na za nani.

Jumapili, 9 Machi

Mwenyekiti wa chama amekuja kukagua. Mzee mrefu, mpole, mwalimu mstaafu, anatembea mikono nyuma kama anayesimamia mtihani. Nilikuwa nimejiandaa. Ukuta wa matairi nimeupaka chokaa tangu alfajiri. Mlango wa choo, ambao haufungi, nimeuandikia "KINASAFISHWA". Nyufa za Kona ya Tanuri nimezifunika kwa zulia la sebuleni, rangi karibu ile ile ukikaza macho.

Mwenyekiti akaegemea ukuta wa matairi. Chokaa haikuwa imekauka. Nusu ya suti ikabaki nyeusi, nusu ikawa nyeupe. Nikamwambia inampendeza, inafanana na bendera ya kumalizia mbio. Akanitazama muda mrefu.

Kisha akasema angependa kuendesha mzunguko mmoja mwenyewe, ausikie uwanja. Nikampa gari langu. Hili gari nililinunua chuoni lilipozeeka, na bado lina breki mbili: moja kwa anayeendesha, nyingine upande wa kushoto kwa mwalimu. Nikakaa upande wa mwalimu. Sikuwa na nia mbaya. Lakini miaka ishirini na mbili ya kazi iko mguuni, haiko kichwani. Mzee akiongeza mwendo, mguu wangu unakanyaga. Kona ya kwanza, nikakanyaga. Sehemu iliyonyooka, nikakanyaga zaidi. Kwenye Kona ya Tanuri tulisimama kabisa juu ya zulia, na zulia likaendelea na safari bila sisi.

Mwenyekiti akauliza kama lami yetu ni mbichi, maana anahisi kitu kinavuta. Nikasema ni mvuto wa historia.

Kutoka juu ya kibanda mke wangu alisoma muda: dakika tisa na sekunde nne. Ndio mzunguko mrefu kuliko yote kwenye daftari zake. Uliotangulia ulikuwa wa dereva ambaye gurudumu lilichomoka, akashuka kulikimbiza, akalirudisha na kulifunga. Mwenyekiti akapanda hadi kibandani kumsalimia. Nikasubiri chini, jua la saa sita. Walizungumza muda mrefu, na nilimwona mke wangu akimwonyesha kitu kwa kidole, kona moja baada ya nyingine. Najua aina ya mazungumzo hayo. Namba tu.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Mwenyekiti amepiga simu chuoni katikati ya somo la alama za barabarani. Amesema kamati imeguswa mno na barua ya mjane. Wanataka awe mgeni rasmi Jumamosi, akae meza kuu. Kwa kuwa ameandika kuhusu uwanja wangu, bila shaka ninamfahamu.

Nikasema amesafiri. Akasema watatuma gari. Nikasema haoni vizuri. Akasema watamshika mkono. Mzee huyu hana huruma!

Nimepima njia zote. Kukodi mjane: wajane ninaowafahamu wote wananifahamu mimi. Kujifunga kanga mwenyewe: nimejaribu mbele ya kioo, masharubu yamenikatalia. Kuyanyoa nimekataa mimi, kuna mipaka. Mwisho nimechukua kalamu na kuandika barua ya arobaini na moja, kutoka kwa jirani yake. "Kwa masikitiko nawaarifu kuwa mama yule amefariki jana mchana, kwa amani, akiwa ametaja Kona ya Tanuri mara mbili. Alikuwa mtu wa watu. Alistahimili heshima zenu."

Tatizo limekwisha. Nimeipeleka mwenyewe ofisini. Nashangaa nimebaki na huzuni kidogo, nilikuwa nimeshamzoea.

Jumamosi, 15 Machi

Ngoja nikae vizuri ndipo niandike.

Ukumbi ulijaa. Makatibu watano wa viwanja mbele, wa sita hakutokea. Mke wangu nyuma, saa shingoni, begi la daftari miguuni. Shemeji alikaa kando yangu na kunipa peremende. Nikaichukua, lakini sikuila mbele yake.

Mwenyekiti akafungua kikao kwa kutuomba tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu mjane wa Kona ya Tanuri. Watu mia moja wakainuka. Kofia zikavuliwa. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa kuwa hakuna aliyemjua kama mimi. Tulipokaa, shemeji akaninong'oneza akauliza amezikwa wapi, angependa kupeleka maua. Nikamwambia mbali.

Kisha mwenyekiti akaniomba nisimame nimsaidie kusoma ajenda, macho yake yamechoka. Heshima! Nikajikohoza, nikasoma kwa sauti ya mwisho wa ukumbi: "Ni viwanja gani vinavyostahimili nafasi kwenye kalenda."

Mwenyekiti akaomba nirudie. Nikarudia, kwa msisitizo. Ndipo akaeleza, taratibu, kama mtu anayerudisha madaftari darasani, kwamba miaka thelathini alifundisha Kiswahili. Akasema kustahili ni kufaa kupewa kitu, na kustahimili ni kuvumilia taabu. Akainua tangazo lake lililobanduliwa mlangoni, lenye herufi mbili nyekundu. Akainua barua ya mchinjaji. Ya fundi cherehani. Ya mkunga. Akazisoma, na kila alipofika kwenye lile neno ukumbi mzima ulilitamka pamoja naye. Akainua ya mjane. Akainua ya jirani wa mjane.

"Ndugu katibu," akasema, "hawa ni watu arobaini na mmoja, wa kazi arobaini na moja. Wino wao mmoja, na kosa lao moja."

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Kuna mtu alianguka na kiti. Shemeji peke yake alikuwa akitazama viatu vyake, na nilimchukia kwa hilo pia.

Mwenyekiti hakucheka. Akasema kanuni iko wazi, uwanja unaoidanganya kamati unatoka wenyewe kwenye orodha. Akashika penseli. Niliiona ikielekea jina letu. Nikafikiria kibanda cha saa kikishushwa ubao kwa ubao, na matrela yakiegeshwa pale anapokaa mke wangu, na kwa mara ya kwanza tangu vita ianze sikuwa na mpango wowote. Naandika waziwazi kwa sababu hakuna atakayesoma humu: niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Mke wangu akasimama. Aliuliza kama kamati imesoma barua yake. Wakatafuta kwenye gunia. Haikuwepo. Akanigeukia. Nikatazama panka la dari. Lilikuwa na mapanga matatu. Akaja hadi mbele, akanyoosha mkono, akasema neno moja tu, "Funguo." Nikampa.

Watu wote wakangoja. Akarudi na bahasha yenye alama ya mafuta ya gari pembeni, akaifungua, akasoma mwenyewe, bila kupandisha sauti.

Ilisema amekaa kwenye kile kibanda miaka kumi na tisa na ana daftari la kila mzunguko. Mara thelathini na moja, gari la kwanza na la pili yamemaliza yakiachana chini ya sekunde moja. Dereva wa pale hajawahi kubebwa kwa machela, kwa kuwa kona zetu zinamlazimisha mtu kufikiri. Kisha ikasema hivi, naikumbuka neno kwa neno, na sijui kwa nini sikuiona siku ile garini:

"Kwenye viwanja vingi mtu anaona gari likipita, kisha anangoja lirudi. Kwetu, ukikaa kwenye tuta la nyasi unaziona kona zote saba. Wazazi wa madereva hukaa pale. Mama anamwona mwanawe kuanzia anapoondoka hadi anaporudi, hampotezi machoni hata mara moja. Nimewatazama wakinamama hao miaka yote hii wakati nikipima muda. Mimi naona uwanja wa namna hiyo unastahili."

Akakunja karatasi. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta, akasema Jumapili alionyeshwa tuta hilo na kuziona kona zote, japo alipopita chini kwa gari alikuwa na muda mwingi zaidi wa kuziona. Akauliza nani anaunga mkono Uwanja wa Matofali ubaki. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa shemeji. Akiwa ameuinua akasema Machimbo wana lami na vyoo, lakini mama yake hukataa kwenda kumtazama akishindana kule kwa sababu hamwoni. Mikono mingine ikafuata hadi nikashindwa kuhesabu.

Uliotolewa ni Uwanja wa Ndege wa Zamani, ambao haujaandaa mbio miaka miwili na katibu wake hakufika hata kujitetea. Sisi tumebaki. Tumepewa mwezi wa tisa. Kwa masharti mawili. La kwanza, katibu mpya wa Matofali ni Mama Saa, kuanzia leo. La pili, mimi nisiandike tena barua yoyote kwa jina la uwanja.

Mke wangu ndiye aliyeendesha kurudi. Nilikaa upande wa mwalimu. Kwenye makutano mguu wangu ukakanyaga wenyewe.

"Toa mguu," akasema.

Nikautoa. Nilimwambia pole kwa ajili ya barua. Akaendesha mpaka nyumbani, akazima gari, akasema pole yangu ameisikia. Kisha akaniuliza zulia la sebuleni liko wapi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala vizuri siku mbili, na akili imerudi mahali pake. Nimeyatazama mambo upya, kwa utulivu.

Kwanza, nani aliujaza ukumbi? Barua zangu. Nani aliwachekesha watu mpaka wakalainika na kuwa tayari kusikiliza namba? Mimi. Bila zangu arobaini na moja, ile moja ya mke wangu ingesomwa ikawekwa kando. Na ingekuwa wapi leo kama nisingeihifadhi garini, mahali salama, karibu na ukumbi? Ukitazama kwa haki, nimeuokoa uwanja. Shemeji kanipigia simu kunipa pole. Nikamwambia anipe hongera.

Pili, wamenipokonya ukatibu. Dhuluma! Mke wangu ni hodari, sikatai. Leo asubuhi amemaliza kazi ambayo mimi nilikuwa nikiipanga kuianza kwa miaka minne, na mlango wa choo sasa unafunga. Lakini katibu ni mtu wa maneno.

Tatu, kosa. Mtu mwenye hekima hujifunza kutokana na makosa, nami nimejifunza. Mwenyekiti alilitaja kwa mdomo wake mbele ya watu wote: wino mmoja. Ndio huo tu. Alitaja na kitu kingine pale mwishoni, lakini kicheko kilikuwa kikubwa sikusikia vizuri. Yale maelezo yake ya maana ya maneno nimeyaweka kando. Kusomesha miaka thelathini si hoja, mtu anaweza kukosea miaka thelathini.

Kwa hiyo leo nimenunua kalamu nne. Bluu, nyeusi, kijani na moja ya zambarau kwa ajili ya wasanii. Nimekatazwa kuandika kwa jina la uwanja. Hakuna aliyenikataza kuandika kwa majina ya watu wengine. Barua arobaini kwenda kwa chama, zikidai Breki arudishwe. Mkunga nimeshammaliza, kwa bluu: "Nimewapokea wengi duniani, lakini hakuna anayestahimili ukatibu kama yeye." Mchinjaji kwa nyeusi. Mjane, Mungu amrehemu, ameacha binti, na binti ana mengi ya kusema kwa zambarau.

Mke wangu amepita sasa hivi akielekea uwanjani, daftari kwapani, saa shingoni. Akasimama mlangoni. Akaziona bahasha, akaziona kalamu nne, akasoma mstari mmoja juu ya bega langu. Akavuta pumzi.

"Mungu peke yake," akasema, "ndiye anayejua ninavyostahimili."

Nimefurahi sana. Miaka kumi na tisa ya kumsahihisha, na leo hatimaye amelitumia sawasawa.